Mama Kaunta na Ukuta wa Baa ya Kona

Aliyelala mbele yetu ni mwanamke ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kaunta, na ambaye wengine wenu, kwa miaka hii miwili ya mwisho, hamkumwita kabisa. Karatasi hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa. Ya pili ni kujibu neno lililosemwa juu yake tangu Juni 2022: kwamba aliufuta ukuta wa wanamuziki wa Baa ya Kona kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba alihongwa ili aufute. Neno hilo litafikiwa mahali pake. Anayesikiliza anaombwa asiondoke kabla.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Julai 1955, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao alimofanya kazi baba yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Wawili waliomfuata walichukuliwa na surua katika mwezi mmoja, mwaka 1963. Wa mwisho, mwanamume, alizaliwa mwaka 1966, na marehemu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia.

Baba yao alikuwa fundi seremala asiyejua mzaha na mbao wala na watoto. Hakuonja pombe maisha yake yote. Hata hivyo kazi ni kazi, na mwaka 1962 aliitwa kutengeneza kaunta ya Baa ya Kona, pale barabara mbili zinapokutana karibu na kituo cha mafuta cha zamani. Aliitengenezea mlemle ndani kwa ubao mmoja mrefu, kwa sababu ubao huo ukishaunganishwa na miguu usingepita mlangoni. Marehemu, wakati huo na miaka saba, ndiye aliyempelekea chakula cha mchana kila siku. Siku kaunta ilipokamilika baba alimnyanyua, akamkalisha juu yake.

"Inayumba?"

"Haiyumbi, baba."

"Basi shuka. Hapa si mahali pako."

Alishuka. Miaka kumi na moja baadaye alirudi, na hakutoka tena mpaka walipokuja watu wa nyundo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1970. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake. Alichaguliwa kwenda sekondari. Januari 1971, wiki mbili kabla ya kuripoti, msumeno ulimjeruhi baba mkono wa kulia, na vidole havikukunjika tena. Hakuna aliyemwambia binti asiende. Alivua sare aliyokuwa ameijaribu, akaingia jikoni. Barua ya kuchaguliwa aliikunja akaitia ndani ya kitabu chake cha hesabu. Wiki hii imekutwa sandukuni mwake, bado imekunjwa vilevile.

Alianza kazi Baa ya Kona Jumatatu, tarehe 5 Machi 1973. Mwenye baa alikuwa mzee aliyeitwa Mzee Shati, kwa kuwa alivaa shati jeupe lililofungwa hadi shingoni, jua liwake au mvua inyeshe. Mzee huyo alimhoji akiwa amesimama.

"Unajua kuosha glasi?"

"Najua."

"Unajua kumkatalia mtu mzima?"

"Nimelea mdogo wangu."

"Basi utaweza."

Mama yao alilia. Baba alimnunia mwaka mzima, ingawa chakula kilichotoka kwenye kazi hiyo alikula. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha mdogo wake sekondari, kisha chuo cha ualimu, mpaka akapata stashahada mwaka 1989. Hili linaandikwa hapa waziwazi kwa sababu halikuwahi kusemwa mbele za watu na aliyesomeshwa.

Pombe ni pombe, na wasifu huu hauji kuipamba. Imevunja nyumba za baadhi ya waliokaa hapa. Lakini kwa kuwa tunasema kweli, isemwe kweli yote. Marehemu mwenyewe hakunywa. Na alikuwa na sheria mbili pale Kona ambazo hata Mzee Shati aliziogopa.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya wanamuziki. Muziki ulipigwa kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, na hakuna aliyepanda jukwaani kabla hajala. Sahani zilitoka jikoni saa saba: samaki, viazi, mboga. Aliyechelewa alikula amesimama huku wenzake wakimsubiri. Jikoni pakiwa hapajawashwa, siku hiyo hakuna chombo kilichoguswa.

Sheria ya pili ilikuwa ya wanywaji wenye watoto. Mwanamume hakupewa chupa ya tatu mpaka mezani pake pawe na kifurushi cha chakula cha kupeleka nyumbani. Walimtukana, wakamwita mama mkwe wao wa pili, wakaapa kuhamia baa nyingine. Jumamosi ifuatayo walikuwa palepale.

"We Mama Kaunta, mimi nimekuja kunywa, sikuja kuhubiriwa."

"Sikuhubirii. Nakufungia samaki. Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Jumamosi iliyopita walikuwa watano."

"Mmoja ni wa shemeji."

"Na wa shemeji hali?"

Baa ilicheka, na yule bwana akaondoka na samaki watano.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na ukuta. Mwanamuziki yeyote aliyepiga Kona kwa mara ya kwanza aliandika hapo jina lake, tarehe, na wimbo alioanza nao, kwa penseli ya fundi iliyoning'inizwa kwa uzi. Mwandiko wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1958, kabla hata kaunta haijawekwa. Mwanamuziki akifariki, marehemu alipiga mstari mdogo chini ya jina lake, na Jumamosi hiyo bendi ilianza na wimbo ule. Hawakuwa watu wa kujengewa sanamu. Mchana walikuwa makuli, mafundi saa, makarani, wasuka vikapu. Wengi wao hawakurekodi hata wimbo mmoja. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba waliwahi kupiga muziki ni pale. Ukuta ulikuwa na majina mia mbili na kumi na manne.

Mwaka 1978 alikuja mpiga besi mmoja, mrefu, mwenye haya, aliyeongea taratibu hata wakamwita Polepole. Siku yake ya kwanza alipita jikoni kimya na kupanda jukwaani bila kula.

"We kaka wa besi, shuka."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini, upepo? Shuka ule."

Alishuka, akala sahani mbili, na tangu siku hiyo alifika saa sita. Mpiga gitaa wa bendi, anayeitwa Waya, ambaye yupo nasi hapa, alikuwa akimtania mbele ya watu wote: "Huyu mwenzetu alifuata sahani, akaondoka na jiko zima." Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 7 Desemba 1980. Haikuwa Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi bwana harusi na bibi harusi wote wawili walikuwa kazini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na kijana.

Polepole aliandika jina lake chini kabisa ya ukuta, kona ya kushoto, nyuma ya spika, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Mei 2009, mkewe alipiga mstari chini ya jina hilo akiwa amepiga magoti. Baada ya hapo, kila asubuhi kabla hajafungua madirisha, alisogeza spika kidogo, akatazama, akairudisha. Kaburi la mumewe lilikuwa mbali, na nauli na miguu havikumruhusu kwenda mara kwa mara. Ukuta ulikuwa karibu.

Sasa ni lazima asemwe mdogo wake.

Mwaka 1991 mdogo wake, akiwa tayari mwalimu, alifanywa mzee wa kanisa. Wiki hiyo alimwendea dada yake akamsimamisha mlangoni pa baa.

"Dada, watu wananiuliza."

"Wanakuuliza nini?"

"Kwamba dada yake mwalimu anauza pombe."

"Waambie ni kweli."

"Huoni kwamba ni aibu?"

"Mdogo wangu, suruali ulizovaa chuoni zilitoka wapi?"

Mwalimu alikula kiapo kwamba hatakanyaga pale, na kwa miaka thelathini na mmoja hakukanyaga. Dada yake hakumlipiza. Kila Jumapili alasiri alifika nyumbani kwa mdogo wake akiwa amefua na kupiga pasi nguo zake, ili watoto wa mwalimu wasisikie harufu ya moshi wa sigara za watu wengine. Hakuwahi kuingia na hata chupa ya soda kutoka Kona. Alikaa, akawasikiliza wakisoma, akasahihisha mwandiko wao, akaondoka kabla ya chakula. Aliyemkaribisha hakumbembeleza abaki.

Mzee Shati alifariki mwaka 1996 na kumwachia marehemu biashara, lakini kiwanja kilibaki mali ya ndugu zake. Septemba 2021 ndugu hao walikiuza, na mnunuzi akatangaza kwamba nyumba itabomolewa kujengwa maduka. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Waya ndiye aliyemwambia kwamba iko ofisi inayoandikisha majengo ya kihistoria, na kwamba jengo likishaandikishwa hakuna wa kuligusa. Alikaa kwenye kaunta ya baba yake akaandika barua ya kurasa sita kwa mwandiko wake uleule wa vyeti. Aliandika habari za kaunta, za Jumamosi, na zaidi ya yote habari za ukuta. Jibu lilikuja Aprili: kamati ya watu watatu ingefika Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, saa nne asubuhi, "kukagua hasa ukuta wenye maandishi ya wanamuziki." Barua hiyo aliitia kwenye mkoba wake, na mkoba hakuutoa mkononi.

Jumatano, tarehe 8 Juni, siku sita kabla ya kamati, marehemu alianguka jikoni. Hospitali ya wilaya walisema ni figo. Alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Kesho yake asubuhi mdogo wake alimtembelea. Alimwona amelala, uso umevimba, mkoba kifuani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alisikia haya ya kweli, si ile ya kuogopa macho ya watu.

"Dada, nikusaidie nini?"

"Hakuna kitu."

"Niambie. Chochote."

Alifikiri kidogo, akafungua mkoba, akampa ufunguo. "Wageni wa serikali wanakuja Kona Jumanne. Nenda ukafungue madirisha, hewa iingie. Basi. Usiguse kitu."

Mwalimu alichukua ufunguo. Aliingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, kwa sababu hakutaka mtu amwone akiingia baa. Alijifungia. Madirisha hakuyafungua, kwa sababu hiyohiyo. Kwa mwanga wa balbu aliona jukwaa, na nyuma yake ukuta mchafu uliochorwachorwa penseli kutoka juu hadi chini, herufi juu ya herufi. Alikuwa amewaadhibu wanafunzi kwa miaka zaidi ya thelathini kwa kuchora kuta. Alijiambia kwamba serikali haipokelewi na michoro ya walevi. Alijiambia kwamba hii ndiyo shukrani yake, amechelewa lakini ameileta.

Alikwenda kununua rangi nyeupe ya mafuta na brashi ya waya za chuma. Alhamisi alisugua. Alisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka plasta ikatoa vumbi, kwa kuwa alifundishwa na baba seremala kwamba rangi haishiki juu ya uchafu. Alisogeza spika ili afike hadi kona ya chini. Ijumaa alipaka mara mbili. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemwona. Jumamosi, kwa kuwa jikoni hapakuwashwa, wanamuziki hawakuja.

Jumatatu, tarehe 13, marehemu aliruhusiwa. Mdogo wake alimchukua hospitali, akampitisha Kona kwa mlango wa jikoni, akiwa na furaha kama mtoto aliyeficha zawadi. Marehemu alisimama katikati ya ukumbi. Kisha alikwenda hadi kona ya kushoto, akasogeza spika, akatazama.

"Nilisugua kwa brashi ya chuma kwanza," mdogo wake alisema nyuma yake. "Halafu rangi. Hautashika doa miaka kumi."

Alirudisha spika mahali pake.

"Umekula?"

"Sijala, lakini..."

"Kaa ule."

Alikuwa ametoka hospitali saa ile, anashika kuta ili asiyumbe. Aliwasha jiko, akakaanga mayai, akamwekea sahani juu ya kaunta. Alimsubiri amalize. Ndipo akatoa barua kwenye mkoba, akamwekea mbele asome mwenyewe.

Mwalimu aliposoma alisimama, akasema kesho yake atasimama mbele ya kamati aeleze.

"Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba ni mimi."

"Na wao watairudisha penseli ukutani?"

Mwalimu aliugeukia ukuta mweupe.

"Waya na wenzake watakuja kukutafuta nyumbani kwako. Kanisani watauliza ulifuata nini baa siku mbili umejifungia. Watoto wako watacheka na nani? Ukuta umekwisha, mdogo wangu. Na wewe ukiisha, nimebaki na nini? Nyamaza."

Alinyamaza. Alikubali, na alikubali upesi mno.

Kamati ilifika saa nne kamili: mama mmoja mwenye miwani, na vijana wawili wenye kamera na kanda ya kupimia. Waya na wenzake walikuja wamevaa makoti yao ya jukwaani, wakasimama mlangoni kama watu wanaosubiri kupokea cheti. Mwalimu alikuwa jikoni, nyuma ya kidirisha cha kutolea sahani, mikono ndani ya sinki, akijifanya anaosha vyombo. Alisikia kila neno.

"Mama, ukuta uko wapi?"

"Ndio huu."

"Na maandishi?"

"Niliufuta mimi. Niliona umechakaa."

Ikasikika sauti ya Waya.

"Wewe? Mama Kaunta, wewe?"

"Mimi."

"Na Polepole? Umemfuta na Polepole?"

"Naye pia."

Mwanamke huyu hakuwahi kumdanganya mnywaji kuhusu ujazo wa glasi, wala mtoto kuhusu sindano. Alidanganya mara moja, mbele ya mashahidi, juu ya jina la mume wake, na aliyemdanganyia alikuwa umbali wa hatua nane na hakufungua mdomo.

Majibu ya kamati yalikuja tarehe 5 Julai. Jengo ni la kawaida, yalisema, na kilichokuwa cha pekee hakipo tena.

Jumamosi ya kwanza baada ya kamati, tarehe 18 Juni, marehemu alipika sahani tisa. Saa saba zilikuwa mezani. Saa nane hakuna aliyekuja. Saa tisa alizifunga moja moja kwenye karatasi, akazigawa kwa majirani, na mmoja wa majirani alizirudisha. Ndipo neno likaanza kutembea. Walisema mnunuzi alimpa kitu. Walisema mtu hawezi kumfuta mumewe bure. Mtu mmoja, ambaye watoto wake watano walilishwa na marehemu kwa miaka kumi, alimpazia sauti barabarani mchana kweupe: "Umebaki mama tu, kaunta umeila!" Watu walicheka. Alipita, kichwa juu, kikapu mkononi.

Kona ilibomolewa Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023. Kaunta haikupita mlangoni, kama baba alivyosema haitapita, hivyo waliikata vipande vitatu kwa msumeno wa umeme. Mbao hizo zilitumika kusimamia zege ya maduka. Marehemu alikuwapo, amesimama upande wa pili wa barabara. Alipoulizwa na binti yake kwa nini alikwenda, alisema mtu hafi peke yake kama kuna wa kumsimamia.

Mwaka na nusu wa mwisho aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliomba daftari la shule, akaanza kuandika majina ya ukutani kwa kukumbuka: jina, tarehe, wimbo. Alipokumbuka moja alfajiri aliamka akaandika. Alifikisha mia moja thelathini na moja. Baada ya hapo kila alichoandika alikikata, akisema anachanganya, na kwamba mtu asipewe wimbo usio wake. Yeyote kati ya waliopiga Kona angeweza kumkumbusha mengine. Hakuna aliyekuja kumwona, na wa kulaumiwa kwa hilo si wao, kwa kuwa hawakuambiwa. Mei mwaka huu alifunga daftari. Themanini na matatu hayamo. Ukurasa wa mwisho aliuacha kwa jina la Polepole, na alimwandika kwa herufi kubwa.

Mdogo wake alimwomba ruhusa ya kusema. Aliiomba mara moja tu, wiki ya mwisho, kando ya kitanda.

"Utasema ukinizika," alimjibu. "Sitakuwapo kukuzuia."

"Wakati huo haitakusaidia, dada."

"Hata sasa hainisaidii. Nigeuze upande."

Alimgeuza upande.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 22 Agosti 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, katika hospitali ya wilaya, wodi ileile. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Waliokuwapo walikuwa binti yake na nesi wa zamu. Hakuacha maneno ya mwisho. Aliuliza kama binti yake amekula.

Mdogo wake anayetajwa katika karatasi hii ndiye aliyeiandika, na ndiye anayeisoma. Alifundisha watoto wa mji huu kusema kweli kwa miaka thelathini na minne, na baadhi yao wamesimama hapa na majembe mkononi. Kwa kuufuta ukuta alikosa kwa kutojua. Kwa kusimama nyuma ya kidirisha alikosa akijua, na aliendelea kukosa kila siku kwa miaka miwili na miezi miwili, mezani, kanisani, na kando ya kitanda cha mgonjwa. Uzee wa kanisa ameurudisha jana kwa barua. Hilo halimrudishii marehemu chochote, wala halikuandikwa hapa ili apewe pole. Waya na wenzake hawaombwi kumsamehe. Wanaombwa wamtazame marehemu kabla ya kifuniko kufungwa, kwa kuwa alitaka sana wamtazame alipokuwa hai.

Ameacha binti, ambaye ni nesi, kijana, ambaye ni dereva wa lori na amesafiri usiku na mchana kufika, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja, na daftari lenye majina mia moja thelathini na moja, ambalo liko mezani pale pamoja na penseli. Anayekumbuka jina lake au la mwenzake aandike, ingawa aliyepaswa kulisoma hayupo.

Hakuufuta. Aachwe sasa apumzike.